Vita Vinapopiganwa, Msanii Azungumze na Nani?

Mwaka 1966, Marekani ikiwa imezama katika vita vya Vietnam, askari wa kikosi maalumu aitwaye Barry Sadler alitoa wimbo wa kuwasifu wenzake wa kofia za kijani, na wimbo huo ukakaa kileleni mwa chati za nchi hiyo kwa majuma matano. Sikumbuki kusoma popote kwamba Sadler aliambiwa aimbe tu, na mambo ya vita awaachie wanasiasa. Mwaka huohuo bondia Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa uzani wa juu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hana ugomvi wowote na wapiganaji wa Vietkong, na papo hapo zikapazwa sauti za kumkumbusha kwamba yeye ni mwanamichezo. Aprili 28, 1967, mjini Houston, alikataa kuandikishwa jeshini. Alinyang'anywa ubingwa na leseni ya kupigana, na Juni mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikata rufaa na hakuingia gerezani, lakini hakurudi ulingoni hadi Oktoba 1970, na Mahakama ya Juu ilipoifuta hukumu hiyo Juni 28, 1971, miaka bora ya mwili wake ilikuwa imekwisha kupita.

Nimeanza na watu hawa wawili kwa sababu mjadala kuhusu wasanii na watu mashuhuri wakati wa vita huendeshwa mara nyingi kana kwamba ipo kanuni inayowataka wote wakae kando, na kwamba wachache wenye kiherehere ndio huivunja. Kanuni hiyo haijawahi kuwepo. Serikali zilizo vitani huwa za kwanza kuwatafuta wasanii. Utawala wa Hitler uliunda mwaka 1933 baraza la muziki la dola, lililokuwa chini ya himaya ya waziri wake wa propaganda, Goebbels, na mwanamuziki ambaye hakuandikishwa humo hakuruhusiwa kufanya kazi yake. Rais wa kwanza wa baraza hilo alikuwa mtunzi mkubwa Richard Strauss. Upande wa pili wa vita hivyohivyo, mwimbaji Vera Lynn alisafiri hadi Burma mwaka 1944 kuwaimbia askari wa Uingereza, na Marlene Dietrich, mwigizaji Mjerumani aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 1939, akawatumbuiza askari waliokuwa wakipigana na nchi aliyozaliwa. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kulielewa hili, kwa maana mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana kwa silaha, Muyaka bin Haji alitunga akiwa upande wa Wamazrui wa Mombasa na Zahidi Mngumi akatunga kuitetea Lamu, na mashairi yao yamedumu kuliko majina ya wengi waliobeba silaha zenyewe.

Kwa hiyo swali la iwapo wanamuziki na watu mashuhuri waseme au wanyamaze halitufikishi mbali. Wamekuwa wakisema tangu zamani, na anayewataka wanyamaze kwa kawaida huwa na kundi fulani tu akilini mwake. Swali ninaloliona kuwa zito zaidi ni hili: msanii anapofungua kinywa wakati wa vita, anazungumza na nani? Ninaamini kwamba neno lake lina thamani kubwa kabisa anapowaelekea watu wake mwenyewe, yaani wale waliomlea, wanaoimba nyimbo zake na kumshangilia, ambao huenda hawamsikilizi mtu mwingine yeyote. Ninaamini pia kwamba hapohapo ndipo penye hatari kubwa kabisa, kwa sababu ukaribu uleule unaomwezesha kuwatuliza watu wake ndio unaomwezesha kuwachochea.

Tumtazame Didier Drogba. Septemba 2002, Côte d'Ivoire iligawanyika vipande viwili, waasi wakiushikilia upande wa kaskazini na makao yao yakiwa mjini Bouaké, serikali ikibaki kusini. Oktoba 8, 2005, timu ya taifa iliishinda Sudan mjini Omdurman na kufuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia. Katika chumba cha kubadilishia nguo, kamera za televisheni zikiwa zimeingia, Drogba alishika kipaza sauti akiwa amezungukwa na wachezaji wenzake, akawaambia wananchi kwamba wao waliotoka kaskazini, kusini, kati na magharibi wamethibitisha kuwa watu wa nchi hiyo wanaweza kuishi na kucheza pamoja kwa lengo moja. Kisha wachezaji wote wakapiga magoti, wakaomba silaha ziwekwe chini na uchaguzi uandaliwe.

Ombi lile lilielekezwa kwa nani? Halikuelekezwa kwa Umoja wa Mataifa wala kwa mashabiki wa Chelsea, klabu aliyoichezea Drogba wakati ule. Lilielekezwa kwa watu ambao usiku huohuo, pande zote mbili za mstari wa mapigano, walikuwa wakishangilia ushindi mmoja. Kiongozi wa chama asingeweza kusema maneno yale, kwa sababu kila aliyemsikiliza angeuliza kwanza anatoka upande gani. Hata mchungaji au imamu angekuwa na waumini wake na wasio wake. Wachezaji wale walikuwa, kwa saa chache, sauti pekee ambayo nchi nzima iliikubali kuwa ni yake.

Ni lazima hata hivyo tuyapime yaliyotokea bila kuyatia chumvi. Imekuwa kawaida kuandikwa kwamba Drogba alimaliza vita, jambo ambalo si kweli. Vita vile vilipatiwa mkataba Machi 2007 mjini Ouagadougou, baada ya mazungumzo marefu ya wanasiasa na makamanda waliokuwa na hesabu zao wenyewe. Juni 3, 2007, timu ya taifa ilicheza na Madagaska mjini Bouaké, ndani ya ngome ya waliokuwa waasi, na kushinda mabao matano kwa bila. Mechi ile iliwaonyesha wananchi kwa macho yao kwamba mkataba una maana. Lakini baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 mapigano yalirudi na watu wapatao 3,000 wakafa. Drogba aliingia mwaka 2011 katika tume ya ukweli na maridhiano, ambako kazi ilikuwa ngumu na ya polepole, na kamera zilikuwa chache. Ninaitaja tume hiyo kwa makusudi, kwa kuwa wengi humkumbuka kwa dakika ile ya magoti, ilhali kwangu heshima yake kubwa zaidi ni kurudi kufanya kazi hiyo baada ya kuona kwamba maneno yake hayakutosha.

Sasa tuuangalie upande wa pili wa uwezo huohuo. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu nchini Rwanda, mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma, na mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana na michezo. Nyimbo zake zilipigwa mara kwa mara na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu Desemba 2, 2008 kifungo cha miaka 15, na hoja za hukumu ile zinastahili kusomwa na kila anayeshiriki mjadala huu. Majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo, kwa sababu zilitungwa kabla ya 1994 na haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyehusika na kutangazwa kwake mwaka ule. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari, mwishoni mwa Juni 1994, akiwa katika msafara wa wanamgambo wa Interahamwe barabarani kati ya Kivumu na Kayove, alipowataka Wahutu wawaangamize Watutsi, na aliporudi kwa njia ileile akauliza iwapo wameuawa.

Mahakama ile iliweka mpaka kwa uangalifu ambao mijadala yetu haina. Msanii hakuadhibiwa kwa kuwa na msimamo wa kisiasa, wala kwa kutunga wimbo wenye sumu ambao wengine waliutumia. Aliadhibiwa kwa wito wa wazi wa kuua, uliotolewa kwa watu waliokuwa na uwezo wa kuua na waliokuwa tayari wameanza. Na wito ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulitoka kwa mtu ambaye sauti yake waliijua, waliyekuwa wamecheza kwa nyimbo zake. Anayedai kwamba maneno ya wasanii hayana uzito wowote katika mambo mazito hana budi kuijibu hukumu ile. Vilevile anayetaka kila msanii mwenye kauli isiyopendeza afikishwe mahakamani anapaswa kuona jinsi majaji wale walivyojizuia, hata mbele ya jinai kubwa kuliko zote.

Kwa kipimo hicho cha nani anaambiwa, hata mfano wenye utata mrefu kama wa Jane Fonda unaanza kueleweka. Mwigizaji huyo alikwenda Hanoi Julai 1972, akazungumza kupitia redio ya Vietnam Kaskazini akiwalenga marubani wa Marekani waliokuwa wakidondosha mabomu, na akapigwa picha akiwa ameketi kwenye mzinga wa kutungulia ndege. Yeye mwenyewe ameomba radhi kwa picha ile zaidi ya mara moja, tangu mahojiano ya televisheni ya mwaka 1988, bila kuikana imani yake kwamba vita vile vilikuwa vya makosa. Nadhani alitofautisha sawasawa. Kuipinga serikali yako mbele ya wananchi wenzako ni haki, na mamilioni ya Wamarekani walifanya hivyo. Lakini ukikalia mzinga unaowalenga wana wa majirani zako, wale uliotaka kuwashawishi wataacha kukusikiliza, na kila ulichokisema kuhusu vijiji vilivyochomwa kitafunikwa na picha moja. Aliowapoteza ni watu wake mwenyewe, ambao ndio waliokuwa na kura ya kuvimaliza vita vile.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya watu mashuhuri ni kwamba hawana utaalamu. Hoja hii ina ukweli mwingi ndani yake, na wanaowatetea wasanii huipuuza kwa hasara yao. Machi 2012, video ya shirika la Invisible Children kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwa siku chache, baada ya kusambazwa na nyota wenye wafuasi wengi kuliko idadi ya watu wa nchi nyingi. Wengi walioitazama waliamini kwamba Kony alikuwa bado akiteketeza kaskazini mwa Uganda, wakati kundi lake lilikuwa limeondoka huko tangu 2006 na kuhamia misitu ya nchi jirani. Video hiyo ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, watu waliokuwa wamepoteza jamaa zao walikasirika, kwa sababu waliona mateso yao yamegeuzwa hadithi ambayo mhusika wake mkuu alikuwa mtengenezaji wa video kutoka ng'ambo. Katika vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, mwigizaji mmoja maarufu wa Marekani alisambaza picha ya watoto wenye hofu akiwaombolezea Waisraeli, kisha akaifuta baada ya kuelezwa kwamba watoto wale walikuwa Wapalestina. Makosa ya namna hii huua uaminifu wa kila picha itakayofuata, ikiwemo ya kweli.

Lakini tuangalie vizuri makosa hayo ni ya aina gani. Ni makosa ya kuthibitisha mambo: nani yuko wapi, picha imepigwa wapi, kundi lipi lilifanya nini. Katika mambo hayo mtu mashuhuri ana wajibu uleule wa mhariri wa habari, na kwa kuwa wasikilizaji wake ni wengi kuliko wa gazeti, wajibu wake ni mkubwa zaidi. Kauli ya dhamiri ni jambo jingine. Mtu anaposema kwamba hataki nchi yake iue kwa jina lake hadai kujua idadi ya vifaru wala ramani ya mapigano, na hakuna chuo kinachotoa shahada ya kumruhusu kusema hivyo. Isitoshe, utaalamu haujawa kinga. Februari 5, 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq ina silaha za maangamizi, akitumia picha za setilaiti na taarifa za mashirika ya ujasusi yenye maelfu ya wataalamu. Timu iliyotumwa na Marekani yenyewe kuzitafuta ilitoa taarifa yake mwaka 2004: akiba ya silaha hizo haikuwepo.

Siku chache kabla ya Marekani kuivamia Iraq, Machi 10, 2003, Natalie Maines wa kundi lililoitwa wakati huo Dixie Chicks aliwaambia watazamaji mjini London kwamba wao hawaungi mkono vita vile, na kwamba wanaona aibu kuwa Rais wa Marekani anatoka Texas, jimbo lao. Ingawa alisimama jukwaa la ugenini, maneno yake yalikuwa ya kwao, yalisafiri hadi kwao, na adhabu ikatoka kwao. Wimbo wao uliokuwa kileleni mwa chati ya muziki wa country uliporomoka, santuri zao zikapondwa kwa trekta, na kampuni ya Cumulus ikaziamuru stesheni zake za country zisizipige nyimbo zao.

Hapa ninataka kuyatenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Shabiki aliyeitupa santuri ile alikuwa akitumia haki yake, kama Maines alivyotumia ya kwake. Uhuru wa kusema haumfungi msikilizaji kuendelea kununua. Kampuni inayomiliki makumi ya stesheni inapotoa amri moja kutoka makao makuu, mambo yamebadilika, kwa kuwa msikilizaji hapewi nafasi ya kuamua kama amekasirika au la. Ndiyo maana kamati ya Seneti ilimwita mkuu wa kampuni hiyo Julai 2003 na kumhoji kuhusu nguvu ya wamiliki wachache wa redio. Dola yenyewe inapoingia, uzito unazidi tena. Januari 18, 1968, mwimbaji Eartha Kitt alialikwa Ikulu ya Marekani kwa chakula cha mchana kilichoandaliwa na mke wa Rais Johnson ili kujadili uhalifu wa vijana, na alipoulizwa maoni yake alijibu kwamba vijana wanaasi kwa sababu wanatolewa kwa akina mama zao kwenda kupigwa risasi. Kazi zake nchini mwake zilikauka, akalazimika kutafuta riziki ng'ambo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1975 ikafichuka kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limekusanya jalada kuhusu maisha yake binafsi. Alikuwa ameulizwa swali na mwenyeji wake, akalijibu kwa ukweli.

Gharama ya namna hiyo inanifanya nisiwe na haraka ya kumlaumu anayenyamaza. Katika miaka ya karibuni shinikizo limegeuka: badala ya kuambiwa wafunge mdomo, wasanii wanaambiwa kwamba kimya chao ni usaliti. Mei 2024 ilianzishwa kampeni ya kuwafungia (kuwa-block) katika mitandao ya kijamii nyota ambao hawakuwa wametamka lolote kuhusu Gaza, na majina yakawekwa kwenye orodha kana kwamba ni watuhumiwa. Ninawaelewa walioianzisha, kwa sababu kuona gauni za kifahari na maiti za watoto katika kioo kimoja cha simu kunachoma roho. Hata hivyo tamko linalotolewa ili jina litoke kwenye orodha halina dhamiri ndani yake, na likishatolewa halimsaidii aliye chini ya kifusi. Tunachopata ni sentensi zilizoandikwa na mawakili wa kampuni za burudani, zinazolaani mateso bila kumtaja anayeyasababisha.

Urusi imetuonyesha sura zote za jambo hili kwa mara moja. Machi 1, 2022, mji wa Munich ulimwondoa Mrusi Valery Gergiev katika uongozi wa okestra yake kwa kukataa kuulaani uvamizi wa Ukraine. Kwa Gergiev sioni dhuluma. Alikuwa amemfanyia Putin kampeni mwaka 2012, akatia saini waraka wa kuunga mkono kutwaliwa kwa Crimea mwaka 2014, akaongoza tamasha Palmyra, nchini Syria, mwaka 2016 baada ya majeshi ya Urusi kusaidia kuukomboa mji huo. Hakuwa mtu aliyejitenga na siasa kisha akaburutwa humo. Lakini katika mwezi huohuo wa Machi 2022 mpiga piano Alexander Malofeev, kijana wa miaka 20 ambaye alikuwa ameandika hadharani kwamba Warusi watabeba hatia ya vita vile, alifutiwa maonyesho yake na okestra ya Montreal. Huyo hakuwa na deni lolote, na alipokwa kazi kwa sababu ya pasipoti yake. Wakati huohuo sheria iliyotiwa saini Moscow Machi 4, 2022 iliweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayeeneza kile ambacho serikali ingekiita uongo kuhusu jeshi. Anayemdai mwanamuziki mwenye wazazi Urusi atoe tamko anapaswa kujua anamdai nini.

Na kwa kuwa gharama ni hiyo, waliozungumza kwa hiari yao wanastahili heshima isiyo na mipaka. Yuri Shevchuk, kiongozi wa bendi ya DDT, aliwaambia mashabiki wake mjini Ufa Mei 2022 kwamba nchi si rais wa kubusiwa kila siku. Nchi, alisema, ni bibi maskini anayeuza viazi kwenye kituo cha treni. Mahakama ilimtoza faini ya rubo 50,000. Septemba mwaka huohuo Alla Pugacheva, ambaye Warusi wa vizazi kadhaa wamekua wakimsikiliza, aliiomba serikali hadharani imtangaze kuwa wakala wa kigeni kama ilivyomtangaza mumewe, akasema mumewe anataka vijana wao waache kufa kwa malengo ya kufikirika. Tamko moja la mwimbaji huyo kwa bibi mmoja wa mkoani, ambaye mjukuu wake ameitwa jeshini, lina uzito ambao hotuba mia moja za viongozi wa Ulaya haziwezi kuufikia. Bibi yule hazisikilizi hotuba hizo, na akizisikia anaziona kuwa za adui.

Vipi basi kuhusu msanii ambaye vita si vyake, aliyezaliwa mbali na hana watu wake upande wowote? Wako wanaoteseka ambao hawana wa kuwasikiliza ndani wala nje, na Februari 7, 2024 mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wachezaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliziba midomo kwa kiganja kimoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola wakati wimbo wa taifa lao ukipigwa. Walikuwa wakiuambia ulimwengu kwamba watu wa mashariki mwa nchi yao wanauawa na dunia imenyamaza. Wito wa namna hiyo unapotolewa na wenye msiba, mgeni anayeupokea na kuupaza anafanya jema, ilimradi aupaze kama ulivyotolewa na asijifanye yeye ndiye mfiwa.

Mgeni ana pia msikilizaji mmoja ambaye ni wake kwa haki kabisa: yule aliyemwalika. Mwongozaji filamu Steven Spielberg alipokuwa mshauri wa kisanii wa sherehe za Olimpiki ya Beijing, mwigizaji Mia Farrow alimtaka hadharani aitumie nafasi hiyo kuhusu vita vya Darfur, nchini Sudan, kwa kuwa China ilikuwa mnunuzi mkubwa wa mafuta ya Sudan. Spielberg alimwandikia Rais wa China mwaka 2007, na Februari 12, 2008 akajiuzulu, akisema dhamiri yake haimruhusu kuendelea. Hakuwa akihutubia dunia kuhusu nchi asiyoijua. Alikuwa akimwambia aliyemwalika bei ya jina lake.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 swali hilo lilifika Kigali. Waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanaungwa mkono na Rwanda na ambao Rwanda imekana kuwasaidia, waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Tems wa Nigeria, aliyekuwa ametangaza tamasha la Machi 22 mjini humo, alilifuta na kuomba radhi kwa kulitangaza bila kuzingatia vita vilivyokuwa vikiendelea. John Legend wa Marekani alitumbuiza Februari 21, na baadaye akajitetea kwamba si sahihi kuwaadhibu wananchi kwa sababu hatukubaliani na viongozi wao. Utetezi huo siudharau. Kijana wa Kigali aliyeweka akiba yake kununua tiketi hakuvamia mji wowote. Lakini tamasha la kimataifa halinunuliwi na wenye tiketi peke yao. Linanunuliwa pia na serikali na wadhamini wanaotaka mji uonekane tulivu na wa kuvutia, na wakati watu wa Goma na Bukavu wanazika wafu wao, utulivu huo ndio bidhaa inayouzwa. Anayeona kwamba wananchi hawapaswi kuadhibiwa na akaamua kupanda jukwaani, ayaseme anayoyaamini kuhusu vita hivyo akiwa bado jukwaani, kipaza sauti mkononi, mbele ya waliomwalika na kabla ya ndege yake kuondoka. Akijua kwamba hataweza kuyasema hapo, basi anajua tayari jina lake limekodiwa kwa kazi gani.